Salamu za Nyuma ya Ukuta

Mama alipopata kiharusi, maneno yote yalimtoka. Masikio yalibaki, mkono wa kushoto ulibaki, ulimi ukafa ganzi. Daktari aliniambia lazima ajifunze kusema upya, kama mtoto, na tukichelewa huenda asiseme tena kabisa. Nilifarijika kidogo, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Nafundisha darasa la kwanza hapa Kolwezi tangu nikiwa msichana.

Basi nikamweka katika chumba cha uani, nikawazuia majirani wasimchoshe, nikaanza somo. Nikitoka shuleni, koo limekauka kwa chaki na vumbi la malori ya madini, naketi mbele yake na kikombe. "Mama, hii ni nini? Sema: kikombe." Ananitazama. Nashika kijiko. Ananitazama. Baadaye akawa anageukia ukuta kila nikiingia. Nilichoka mpaka nikamchukia, kisha nikajichukia mimi, kisha nikaenda kusonga bukari kwa sababu watu lazima wale.

Mume wangu hakuwa na namna ya kuingia kunipokea zamu. Sisi asili yetu ni Kasai, na kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawaketi pamoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Alikuwa akizunguka nyuma ya jiko ili asipite mbele ya mlango wa Mama. Lakini kumsalimia huku ukuta ukiwa katikati, hakuna ubaya. Kila jioni akirudi kutoka mgodini Musonoi, alisimama kando ya dirisha na kumpa habari: mvua imeharibu barabara, taximoto hazipiti, mguu unamuuma, mimi mkewe nimenuna tena. Nilimwambia anapoteza pumzi yake bure. Alinijibu kwamba mama mkwe husalimiwa, aitikie au asiitikie.

Jioni moja nilikuwa namlisha Mama sombe ya majani ya muhogo, mume wangu akafika nje.

"Mama, mi narudi. Njaa inaniua, na muke wangu anakataa kupika."

Nilikuwa nimepika, alikuwa ananichokoza tu. Mama akasukuma kijiko changu. Shingo ikakaza, mdomo ukapinda.

"Tata," akasema, "bukari iko."

Ilitoka polepole, imekatikakatika, lakini ilitoka. Tata, yaani baba, ndivyo kwetu mkwe anavyoitwa kwa heshima. Kumwacha mkwe alalamike njaa bila kumjibu ni aibu, na aibu hiyo Mama hakuweza kuibeba.

Nililia, na si kwa furaha tu. Niliona wivu. Tangu siku ile waliongea kila jioni, yeye ndani, mume wangu nje, na maneno yakazidi. Mama aliuliza habari za mguu. Aliuliza mvua. Mimi niliyemwogesha na kumlisha, alinionyeshea vitu kwa kidole tu nilipokuwa namuuliza majina yake.

Kisha ikaja siku niliyotoka shuleni sina nguvu ya kumfundisha mtu yeyote. Niliingia mikono mitupu, nikaegemea mlango, viatu bado miguuni.

"Mama," nikasema, "mi ninachoka."

Sikuwa nimeuliza kitu, na sikungoja jibu. Nilikuwa nimefumba macho. Nikasikia kitanda kinalia. Alikuwa anasogea, anapigapiga godoro kwa ule mkono mzima.

"Kuya," Mama akaniambia. "Ukae."