Mchukuzi Asiyekuwemo Kitabuni

Ninyi wajukuu zangu, na wana wa majirani mnaojazana sebuleni kwangu kila Jumamosi, nimewaona. Mmoja anashika kitabu kilichopigwa chapa, wengine mnajifanya wapiganaji na wachawi, dadu zinarushwa mezani, kelele mpaka jikoni. Mnadhani mmeletewa kitu kipya. Mchezo wa namna hiyo tuliucheza Nguvumali, kule Tanga, kabla ya Uhuru, tena chini mkekani. Mkiniona nimeweka kigoda changu mlangoni nasikiliza kila neno, msidhani nafurahia. Nawachunga.

Babu yenu alikuwa na mdogo wake, karani wa ghala la mkonge. Ndiye aliyekuwa msomi wetu. Mimi nilisoma chuoni Kurani, na shule nyingine sikumaliza hata mwaka, nikatolewa nikalee wadogo zangu. Shemeji huyo alinunua kitabu cha hadithi dukani, habari za wasafiri waliotumwa na mfalme wakachukue dawa juu ya mlima wa mbali. Ijumaa baada ya swala na chakula akawa anatusomea uani. Sasa babu yenu alikuwa mtu asiyeweza kusikiliza akanyamaza. Wasafiri wakiingia pangoni, yeye: "Wajinga hao! Mimi nisingepita hapo." Siku moja shemeji akachoka, akafunga kitabu kidole kikiwa ndani, akasema, "Haya kaka, wewe ungepita wapi?"

Mchezo ukaanza hapo. Tukagawana wasafiri. Babu yenu akawa mkuu wa msafara, mimi mpishi, na mdogo wangu wa kike, yule bibi yenu wa Muheza, akawa kiongozi wa njia. Shemeji alisoma, na kila penye jambo la kuamua alisimama akauliza, "Mwafanyaje?" Tukisema tunapigana au tunavuka, tulirusha kete, simbi zile, makombe madogo ya kuokota ufukoni. Zikilala midomo juu kwa wingi, tumefaulu. Zikilala migongo juu, balaa.

Kitabu chenyewe kilitungwa na watu wa kwingine. Kilisema theluji iliwafika wasafiri magotini.

"Theluji ndiyo nini?" akauliza babu yenu.

"Maji yaliyoganda, kaka, yanaanguka kutoka mbinguni."

"Yanaanguka yameganda? Na watu hawafi?"

"Wanatembea juu yake."

"Toa hiyo. Weka matope ya mikokoni, maji yakishakupwa. Hayo najua yanavyomshika mtu."

Basi theluji ikawa matope. Mbwa mwitu wakawa fisi, na mto wa kitabuni ukawa Pangani, na mamba wake. Kila mtu alitia lake, shemeji akayaunga yakaungika. Sitamnyima haki yake, alijua kuchezesha. Majirani wakaanza kuja kusikiliza.

Lakini mwenyewe alikuwa mchafu. Alitafuna tambuu kutwa, na kila akitaka kufunua ukurasa alilamba kidole kwa mate yale mekundu. Kurasa zilipata madoa pembeni kama bandeji ya kidonda, zikawa zinanata. Mate yaliyobaki aliyatema chini ya mpapai wangu. Mimi ndiye niliyemwaga maji pale, na mapapai yake sikuyala.

Mke alikuwa naye, akampa talaka, mtoto wao yungali mchanga. Kisha akamtaka mdogo wangu. Mdogo wangu akakataa, akasema, "Dada, mimi mdomo ule siuwezi." Nikamwambia babu yenu, naye akamwambia nduguye kwa upole. Shemeji akacheka. "Basi, hakuna neno." Ijumaa iliyofuata akaja na kitabu chake kama kawaida. Nikadhani yamekwisha.

Baadaye ikaja posa ya heshima kutoka Pangani, ng'ambo ya mto. Kijana mvuvi, ametulia, na mdogo wangu alimpenda. Hilo sikuhitaji kuambiwa, nilikuwa nalala naye chumba kimoja babu yenu akiwa safarini. Wazee wakakubaliana. Kabla ya kuweka siku, mama wa kijana akaja Tanga kwa jamaa zake, akasema atapita kututazama. Akapita Ijumaa.

Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi. Mdogo wangu akamwamkia, "Shikamoo mama," akajibu, "Marahaba mkwe wangu, njoo ukae karibu yangu." Nikampa kahawa na kaimati. Akauliza kinachochezwa, akaelezwa, akafurahi. Kete alitaka azirushe yeye.

Ikafika zamu ya kiongozi wa njia. Wasafiri wana kiu, inatakiwa aende peke yake kutafuta kisima. Shemeji akalamba kidole, akafunua. Akasoma kidogo, kisha akainua macho kitabuni, akaendelea kusema.

"Kabla hajafika kisimani, anamkuta mchukuzi wa mkonge amekaa kichakani. Wanajuana. Siku nyingi wanakutana pale. Mchukuzi anamwita jina la kumbembeleza. Mwafanyaje?"

Mdogo wangu akasema, "Namfukuza."

"Rusheni kete."

Mama wa kijana akarusha huku anacheka. Migongo juu.

"Umeshindwa," akasema shemeji. "Anakushika mkono, unaingia naye kichakani."

"Mimi siingii."

"Kete zimesema."

"Kete ziseme zitakavyo. Siingii!"

Shemeji hata hakumtazama. Alimtazama mgeni. "Basi kiongozi akarudi kwa wenzake, ndoo haina maji, na kanga yake ameivaa ndani nje."

Mnisikie vizuri hapa. Sisi watu wa pwani tumelelewa na mafumbo. Mtu akitaka kukutukana anaimba, au anavaa kanga iliyoandikwa neno akapita mbele ya mlango wako. Hatujazoea kusikia jambo likawa ni jambo tu. Mama yule akaacha kucheka. Akaweka kikombe chini, akauliza polepole, "Huyo mchukuzi ni wa shamba gani?"

Shemeji akatabasamu, meno mekundu, akasema, "Aa, mama, hadithi tu hiyo." Akasema kwa sauti ya mtu anayeficha siri ya nyumba. Laiti angetaja shamba kabisa, tungelikana.

Mdogo wangu alifika darasa la nne. Akamnyang'anya kitabu. "Nionyeshe. Hapa pana kisima na bikizee. Mchukuzi yuko wapi?"

"Na theluji iko wapi?" akajibu shemeji. "Mbona mliitoa? Mto mliubadili, fisi mkawaleta. Mimi nikiongeza mtu mmoja ndiyo imekuwa haramu?"

"Fisi hana posa!" nikamwambia. "Umemtia humo mtu aliyekaa hapa, na wanaomposa wako hapa. Mate unatema mpaka ndani ya hadithi."

Babu yenu akasema, "Mke wangu, mbele ya mgeni." Mgeni mwenyewe alikuwa amekwisha simama, anatafuta viatu.

Hazikupita siku nyingi akaja mjomba wa kijana. Wameona wangoje kwanza. Wangoje nini, hakusema, na sisi hatukuuliza.

Nikamwendea shemeji ghalani, mbele ya wapakizi. Nikamtaka apande basi aende Pangani akaseme kwa mdomo wake kwamba alitunga.

"Shemeji, fikiri. Nikienda kukana ndipo watakapoamini."

Na hapo alisema kweli. Hilo ndilo lililonichafua roho kuliko yote. Alijua tangu mwanzo kwamba doa lile halifuliki, na kwa ajili hiyo alilichagua. "Tena," akasema, "ulikuwa mchezo tu."

Babu yenu naye: "Amekosa, lakini ni ndugu yangu. Tuyaache." Nilimchukua mdogo wangu tukaenda sisi wenyewe, tukavuka kwa pantoni. Mama yule alitupokea kwa adabu zote, akatupa chai na mkate wa kumimina. Nikamweleza mwanzo mpaka mwisho, posa ya shemeji iliyokataliwa, hasira yake, kila kitu. Alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Nimekusikia, mwanangu. Lakini mtu hatungi kitu kisicho na chanzo. Mimi nina mtoto wa kiume mmoja."

Mdogo wangu akasema, "Mama, kete ulirusha wewe."

Yule mama akainamia chai yake. Tukaaga.

Kwenye pantoni mdogo wangu alijifunika uso kwa buibui. Nilidhani analia, kumbe alikuwa anatapika. Nilimshika kiuno mpaka tulipofika upande wa mjini. Kijana akaoa jamaa yake mwaka uleule.

Ijumaa ya kwanza tangu turudi Pangani, baada ya swala, nasikia hodi. Shemeji. Amevaa kanzu safi, shavu limejaa tambuu, kwapani ana kitabu kipya. "Hiki kina visiwa," anamwambia babu yenu. "Cha kwanza cha mtoto mbele ya hiki." Na babu yenu, Mungu amrehemu, alikuwa ameanza kusogea ampe nafasi.

Nikatoka jikoni, mwiko mkononi. Mdogo wangu alikuwa anapakua, watoto wangu wanangoja sahani. Nikasema kwa sauti ya kusikika barabarani:

"Baba mdogo apelekewe wali wake barazani. Ale, anawe, ni ndugu. Ndani asipite. Na kitabu chake asikishike mtu yeyote wa nyumba hii."