Daktari Aliyefumba Macho

Daktari wa mifugo yule ana mikono kama ya mfyatua matofali, lakini jicho la mbwa hulishika kama yai. Kwanza huipasha chupa ya dawa kwapani, kisha humnong'oneza mgonjwa, "Samahani, bwana mkubwa." Mwenye mbwa atasalimiwa baadaye, akikumbukwa. Mgonjwa wa leo ni mbwa wa bibi mmoja, na kidonda kwenye kioo cha jicho lake kimegoma kupona, wiki ya saba sasa. Mara mbili amekwangua ngozi iliyokufa kwa kijiti cha pamba, na mkono haukutikisika hata chembe. Leo ndiyo leo: kikiwa bado kibichi, jicho linatolewa.

Basi akadondosha jichoni rangi ya kupimia, akazima taa, akawasha kurunzi ya buluu. Penye kidonda pangewaka kijani. Bibi mwenye mbwa alikuwa ameikumbatia shingo ya mbwa wake, roho juu. Alipoinua uso, akamkuta daktari amefumba macho.

"Mama, unaona kijani?"

Bibi akainama, akakagua jicho lote polepole. "Sioni, mwanangu."

"Hebu tazama tena."

"Sioni, nimekwambia! Fumbua nawe ujionee!"

Hakufumbua. Alikuwa anapapasa mezani, analitafuta sikio la mbwa alishike.