Jiwe la kwetu halijawahi kukua

Jamani, leo mama yangu mzazi amenisaliti!

Nyuma ya nyumba yetu hapa Dunga kuna jiwe kubwa. Tukiwa watoto Mama alitukataza kulikalia. "Mkilikalia halitakua."

Na lilikua! Kila Krismasi lilikuwa limepanda kidogo. Nimebishana na watu wa soko la Kibuye mpaka sauti ikakauka, kwamba mawe hukua.

Leo nimemkuta Mama na jembe, anachimba udongo kandokando ya jiwe hilo. Wa kukandika nyumba, kama kila mwaka.

"Mama! Kumbe jiwe halikui, ni udongo unapungua?"

Akacheka. "Sasa ningeanika dagaa wa omena wapi, na nyinyi mmekaa juu?"

Nyinyi mnaosoma, mlidanganywa nini?

Mimi naandika haya nikiwa nimelikalia. Omena wa leo wajitafutie pa kukaukia.