Kugonga Pembe ya Fuawe

Kwenye uhunzi wetu hatusemeshani kazini. Mshika koleo ndiye anayeongoza, na nyundo yake ndogo ndiyo inayosema: inapogusa chuma, hapo ndipo nyundo kubwa ishukie. Akitaka mwenzake aache, anagonga pembe ya fuawe, lile pande la chuma tunalofulia juu yake, mara mbili, kwa wepesi, na nyundo kubwa inabaki hewani. Baba alitufundisha hivyo, mimi na kaka yangu, hapa hapa Chumbageni. Akatuwekea sharti moja tu: siku masikio yakichoka, nyundo kubwa unaiweka chini mwenyewe, husubiri kuambiwa. Yake yalipochoka aliiweka. Akaishi miaka mingi baada ya hapo, akikaa barazani, na sikumbuki kumwona akicheka.

Kaka akawa mpigaji, mimi mshika koleo. Siku hizi anayetaka dirisha huenda kwa vijana wa kuchomelea, wakamuungia nondo na vyuma bapa kabla chai haijapoa. Sisi tuliitwa pale tu mtu alipokuwa na nyumba ya kale na kichwa kigumu. Mmoja wa hao alitoka Pangani. Roshani ya nyumba yake ilikuwa imeanguka, akatuletea vyuma vyake vyote kwenye pikapu, akitaka vifuliwe upya viwe vya madirisha, na maua yawe yale yale ya zamani.

Kilikuwa chuma hasa. Ukikitia patasi kidogo ukakikunja, hakikatiki puu kama nondo ya dukani. Kinachanika na kuonyesha nyuzi. Sisi tulikiita mkonge. Raha yake ni kwamba ukivitia vipande viwili motoni mpaka vianze kurusha cheche, ukavilaza pamoja na kuvipiga upesi, vinakuwa kimoja. Ila upesi kweli, maana vikipoa kidogo tu umekosa.

Asubuhi ile tulikuwa tunaunga shina la ua la dirisha la mwisho. Kaka alikuwa ameshapiga kidogo, kipande kikateleza. Nikagonga pembe mara mbili, nikapitisha mkono juu ya fuawe ili nikidake upya kwa koleo. Nyundo kubwa ikashuka juu ya mkono wangu wa kushoto.

Sitaeleza mkono ulivyokuwa. Vidole walivyoweza kuviokoa hospitali havikunjiki. Lakini kilichonichoma zaidi ni kaka, aliyekuwa akisimama mlangoni mwa wodi na kumwambia kila aliyekuja kunitazama, kwa unyonge kabisa: "Hakugonga. Angegonga ningeacha." Mke wangu akamwamini. Hata mimi nikaanza kujitilia shaka, ilhali mlio ule ulikuwa bado masikioni mwangu. Nilimchukia. Nasema wazi, nilimchukia ndugu yangu wa tumbo moja, salamu yake nikaiitikia shingo upande.

Niliporudi nyumbani nilimkuta karakanani amenipa mgongo, anafagia majivu. Nikachukua nyundo ndogo kwa mkono mzima, nikagonga pembe. Akaendelea kufagia. Nikagonga kwa nguvu, kuku wa jirani wakatawanyika. Akainama, akazoa majivu yake. Chuki ikaniisha pale pale, ikaniingia hofu. Kumbe kaka hakusema uongo, hakuwa akijua kwamba hasikii. Nikakumbuka majibu yake yasiyolingana na swali, na mzaha aliokuwa akiuchekea baada ya wengine kumaliza, na redio aliyodai imeharibika.

Sikumwambia. Ningemwambia nini? Alikuwa hana kingine ila nyundo ile, na uhakika wake kwamba si yeye aliyemponda mdogo wake. Dirisha la Pangani likaenda kumaliziwa kwa vijana wa kuchomelea. Kaka alifungua karakana kila asubuhi, akawasha moto, akakaa.

Alasiri moja akaja kwangu moja kwa moja kutoka msikitini. Kahawa hakuigusa. Akanisimulia kwamba umeme ulikatika, spika ikazimika, wakaswali hivyo hivyo. Wakasujudu. Yeye akabaki chini akingoja takbira, akangoja, mpaka aliyekuwa kando yake akamgusa bega. Alipoinua kichwa watu walikuwa wameshatoa salamu na wote wanamtazama. Siku zote, kumbe, spika ndiyo iliyokuwa ikimfichia.

Akauliza, "Mdogo wangu. Siku ile uligonga?"

Macho yake yalikuwa kwenye mdomo wangu. Nikageuka nikautazama ukuta, maana kumtazama na kusema lile neno nisingeweza.

"Sikugonga," nikamwambia.

"Unasemaje?"

Ilibidi nimgeukie, niseme kwa sauti ya juu hata mke wangu akatoka jikoni. "Sikugonga, kaka. Kosa lilikuwa langu."

Akaitikia kwa kichwa. Akaushika mkono wangu mbovu, akauangalia kwa muda mrefu, upande huu na upande huu, akaurudisha mapajani mwangu taratibu. Kisha akaaga.

Asubuhi nilikuta karakana imefungwa. Nikaifungua mwenyewe. Nyundo kubwa haikuwa kwenye ndoano yake. Ilikuwa chini, imelazwa kando ya fuawe.