Sinia la Pilau Mlangoni pa Pampu

Saa saba mchana, jua la Kerege halina huruma. Mwanamke wa makamo aliyejitanda kanga amesimama mbele ya mlango wa chuma, sinia la pilau mikononi, kawa juu yake. Mlinzi, Wahida Mtoro, ananyanyuka kwenye kiti.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Nifungulie, mikono imejaa. Tuna maulidi hapo jirani, tumeona na vijana wa zamu wapate chochote.”

Nyuma ya mlango huo kuna chumba cha kuongozea pampu zinazopeleka maji vitongoji vya jirani. Kitasa hufunguka kwa kadi, na juu yake kuna kamera. Kazi ya Wahida, mwenye miaka 27, ni kumwambia mtu hapana.

Na kwa mtoto aliyelelewa Bagamoyo mjini, hapana ni neno gumu. “Kwetu mtu akipiga hodi, karibu inakutoka kabla hujajua ni nani,” anasema. “Siku yangu ya kwanza hapa ilinitoka mara mbili!”

Karibu hiyo iliwahi kuwaponza walinzi wa hapa. Kabla Wahida hajaajiriwa, mlinzi mmoja alimruhusu jirani aingie kuchaji simu. Jirani akachomoa waya asioujua, pampu zikazima, watu wakashinda na ndoo tupu hadi kesho yake. Tangu hapo wakubwa hutuma watu kuwajaribu walinzi kimyakimya. Wahida na wenzake wawili walishaambiwa wazi: akipenya mtu mmoja tu, lindo wanapewa wengine. Mshahara wake wa laki mbili na nusu ndio unaomsomesha mdogo wake.

“Mama, hapa haingii mtu asiye na kadi. Nipe sinia, nitawaita waje kula nje.”

“Mtu mzima kama mimi unanisimamisha juani? Mama yako nani wewe?”

Uso unamwaka Wahida kwa haya, lakini anapokea sinia. Mara mlango unafunguka. Ni Twalib, fundi wa zamu, harufu imemtoa ndani.

“Wahida nawe! Muache mama wa watu aingie apate ubaridi.”

Mama anapiga hatua. Wahida, mikono imejaa pilau, anajipenyeza katikati yao na kuusukuma mlango kwa mgongo mpaka kitasa kinalia. Twalib naye amebaki nje.

“Nisamehe, mama yangu,” Wahida anasema. “Huingii.”

Mama yule anaangua kicheko mpaka kanga inamvuka. Anatoa kitambulisho: ni Bi Batuli, mkaguzi kutoka makao makuu.

“Vituo vinne nimeingia na sinia hilihili,” anasema. “Hapa nimeshindwa, na nitaandika hivyo. Lindo ni lenu!”

Wahida anapiga kigelegele kinachowatoa mafundi wote nje, nusura amwage chakula. Twalib anapewa onyo palepale, kisha anakula kwa aibu, lakini anakula.

Ajabu ni kwamba Wahida hajawahi kukikanyaga chumba anachokilinda. Yeye naye hana kadi. Januari anaanza masomo ya umeme, jioni baada ya zamu.

“Nataka kuziendesha pampu zile mwenyewe,” anasema, macho yanang’aa. “Na siku nikija kuanza kazi hiyo, mlinzi nitakayemkuta anikague vizuri kwanza. Hata kama tunajuana.”