Mishono Mitatu Isiyoonekana

Mkoba ulirudi karakana huku kishikio chake kimoja kikining'inia. Bosi aliubwaga mezani, katikati ya mabaki ya ngozi na vipande vya nta.

"Mteja amelipa bei ya kiwanja," alisema, "halafu kishikio kimemchomokea mbele ya wakwe zake. Nani alishona huu?"

Walioshona vishikio walikuwa wawili tu: mwanamke ambaye wote walimwita Chapuchapu, na shangazi yake aliyemfundisha kazi. Shangazi alikuwa akishona pale tangu karakana ilipokuwa chumba kimoja cha kupanga, na siku hizi kazi aliishika karibu na pua. Macho yote yakamgeukia yeye.

Chapuchapu aliutambua mkoba pale pale. Ulikuwa wake.

Kazi ile hufanywa kwa sindano mbili na uzi mmoja uliopakwa nta. Sindano moja huingia kulia, nyingine kushoto, zikapishana ndani ya tundu lile lile, kisha uzi ukakazwa. Ukifika mwisho unarudi nyuma mishono mitatu ili uzi ujifunge. Mitatu hiyo haionekani, kwa sababu hufunikwa na kipande cha ngozi. Basi Chapuchapu aliacha kuishona. Alitia tone la gundi, akamaliza kabla ya mwenzake, akasifiwa. Hakuna aliyemlazimisha, wala hapakuwa na shida iliyomsukuma. Alipenda tu kuitwa hodari.

"Huenda ni mimi," Shangazi alisema taratibu. "Macho haya siyaamini tena."

"Basi mama, hamia meza ya gundi," bosi alisema, sauti ikishuka. "Vishikio mwachie mwanao."

Shangazi akaanza kukusanya sindano zake, akizipapasa moja moja. Chapuchapu aliinamisha kichwa. Alingoja kitu kingine kiseme badala yake. Shangazi alipokwisha kusimama, ndipo mdomo ulipofunguka.

"Bosi, ni mimi."

Bosi akacheka. "Mwoneni huyu! Anataka kumbebea shangazi yake."

"Ana adabu, jamani," akadakia fundi wa kupaka rangi kingo za mikoba. "Wangu angeshaniuza, na chenji angekula."

Sifa tena, na safari hii zilimchoma. Chapuchapu akautwaa mkoba aliomaliza asubuhi hiyo, ule ambao bosi alikuwa ameuinua juu kwa sifa ili wote wauone, akaubana magotini na kupitisha kisu chini ya kile kipande cha ngozi.

"We! Una wazimu?" fundi wa rangi alipiga ukelele.

Kipande kikabanduka. Chini yake uzi ulikuwa umeishia hivi hivi, ncha imenasa kwenye gundi.

Kicheko kikakatika. Shangazi alisogea, akapitisha kidole gumba mahali pale. Kidole kilitafuta mishono iliyopaswa kuwapo, kikarudia, hakikuikuta.

"Mikoba mingapi iko hivi?"

"Mingi, Shangazi. Siwezi kujua."

Bosi alianza kufoka. Shangazi hakumjali.

"Mimi nilishakubali kwamba mkono wangu umeharibika," alisema. "Na wewe ulikuwa umekaa hapo unanitazama nikikubali."

Chapuchapu alitaka kusema kwamba hatimaye alikuwa amekiri. Aliona haya hata kulitamka hilo, akabaki na kisu mkononi, mkoba umefumuka magotini.