Umeme Kwenye Waya wa Nguo

Asubuhi za mvua pale Buteba zilikuwa na sauti ya pekee, mvumo kama wa nyuki waliofungiwa mzingani, ukitoka angani juu ya shamba letu la muhogo. Ilikuwa laini kubwa ya umeme, iliyotoka upande wa Tororo ikavuka kwenda Kenya. Ilitupita juu kwa juu. Sisi tulisomea kibatari. Msimu ule Baba, aliyekuwa utingo wa malori ya Mombasa, alituletea waya mrefu. Mama akaufunga kwenye miti miwili mikavu, akaunyoosha chini ya laini ile, ukiifuata sambamba, apate kuanika nguo za nyumba nzima mara moja. Bado nasikia harufu ya sabuni ya mche, na bado namwona Mama akiruka nyuma, ameshika vidole vyake. Waya ulikuwa umemuuma.

Uliuma tena kesho yake, na keshokutwa. Kaburi la bibi, mama yake Baba, lilikuwa karibu, na kwetu mke haachi mama mkwe aone nguo zake za ndani. Lisemwalo lipo, majirani wakasema, marehemu amekasirika. Baba akiwa safarini, kaka yake, Wandera, ndiye aliyeamua. Mama arudi kwao Tororo mpaka mbuzi achinjwe kaburini. Sisi watoto tungebaki na mke wake. Mama alikuwa mtu wa sala, na mbuzi wa kaburini hakumtaka.

"Shemeji," alisema akiwa amepiga magoti, kwa heshima, "kama ni mama, mbona anakaa kwenye waya tu? Kamba ya katani nimeanika palepale, haiumi."

"Wewe unabishana na wafu?" Wandera akamwambia. "Jumapili nataka uwe umekwenda."

Mama hakulia. Alinishika mkono tukaenda shuleni kwa Mwalimu Nekesa, aliyefundisha sayansi, kwa kuwa kuuliza si ujinga. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaeleza polepole. Umeme wa laini ile hauendi upande mmoja kama maji ya mto. Hugeuka, ukienda na kurudi upesi mno. Kila unapogeuka, nguvu yake huvuka hewa na kuusukumasukuma umeme uliolala ndani ya chuma kilicho karibu. Waya wetu ulikuwa mrefu, na miti mikavu haikuupa njia ya kushuka ardhini. Basi umeme ulingoja mkono wa mtu, ukapitia humo. "Upe umeme njia nyingine, mama," alisema, "na usiinue kitu kirefu kuelekea kule juu."

Mama alipigilia nondo pale alipomwagia maji ya kufulia, ardhi ilipokuwa na unyevu, akaiunganisha na waya wa nguo kwa kipande kingine cha waya, akijikinga mikono kwa ndara za mpira. Jumapili, baada ya ibada, Wandera alikuja na wazee.

"Shika wewe kwanza," alimwambia.

Mama aliomba kimyakimya, akaushika waya kwa mikono miwili, akatulia. Wandera akanyoosha kidole kimoja, akagusa, akaruka hadi kofia ikaanguka.

"Imeuma?" mzee mmoja akauliza.

"Hapana," alisema kwa aibu. "Nimeruka tu."

Wazee walicheka hadi wakafuta machozi. Naye Wandera, nashukuru kusema, alicheka pia, na habari ya Tororo ikaishia hapo.

Juzi mjini Busia mjukuu wangu aliweka simu juu ya kisahani, nayo ikaanza kuchaji bila kuchomekwa waya. Ndani ya kisahani kuna waya uliozungushwa, nguvu yake ya sumaku ikipanda na kushuka, na mwenzake ndani ya simu huamka na kuzaa umeme. Ukiinua simu kidogo tu, yote hukatika, maana nguvu hiyo hufifia upesi ikienda mbali. Nilimweleza, akaitikia "sawa, jaja," akaendelea kuandika ujumbe wake. Siku hizi kinachovuka hewa hakimshtui mtu, wala hakuna anayekiuliza jina. Zamani tulikiogopa sana, tukawa tayari kumfukuza mtu kwa ajili yake. Namshukuru Mungu kwa mwanamke aliyeogopa kama wengine, akaenda kuuliza hata hivyo. Kwa sababu hiyo nililelewa na mama yangu mwenyewe.